Ubao mdogo, maji mawili: Namna ya kuchagua umbo la ubao wa wingifoili

MCHEZO wa kupaa juu ya maji kwa kutumia ubao, foili na bawa la mkononi, unaojulikana kwa jina la wingifoili, ni miongoni mwa michezo ya majini yenye umri mdogo kabisa duniani. Ulianza kupata sura yake ya sasa mwaka 2018 na 2019, hasa katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, pale watengenezaji walipoingiza sokoni mabawa ya kujazwa hewa ambayo mchezaji huyashika kwa mikono yake miwili, bila mlingoti wa tanga wala kamba ndefu za kaiti.

Katika Afrika Mashariki mchezo huo umefuata njia iliyokwisha kufunguliwa na kaiti. Unaonekana Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na pia Diani na Watamu nchini Kenya. Huko anayejifunza hupewa ubao mkubwa, mpana na mzito, ambao hauzami hata akisimama juu yake bila upepo wowote. Baada ya miezi kadhaa ya mazoezi huja swali ambalo kila mchezaji hukutana nalo: je, umefika wakati wa kuhamia kwenye ubao mdogo, na kama umefika, uwe wa umbo gani?

Swali hilo lina uzito wa fedha, kwa kuwa seti kamili ya vifaa vipya hufikia maelfu ya dola za Marekani. Lina uzito mkubwa zaidi wa usalama. Ubao wenye ujazo mdogo hauwezi kumbeba mwenyewe upepo unapokata. Aliyeuchagua vibaya hujikuta yumo majini hadi kiunoni, mbali na ufukwe, akiwa na bawa ambalo halivuti na ubao usiomwinua.

Kwa msomaji wa mkoa wa Mara jambo hili lina upande mwingine. Wilaya za Tarime na Serengeti hazina ufukwe wa Ziwa Victoria. Tarime ilibaki bila mwambao wake baada ya Wilaya ya Rorya kumegwa kutoka kwake mwaka 2007, na Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, iko ndani ya nchi kavu tangu mwanzo. Mto Mara unapita katika wilaya zote mbili, lakini mto huo wenye mamba, viboko na maji yanayopanda na kushuka si mahali pa mchezo huu. Mkazi wa Tarime au Mugumu anayeupenda atalazimika kuteremka hadi ziwani, upande wa Rorya au Musoma, au kusafiri hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Hayo ni maji mawili tofauti, na ubao uleule hauna tabia moja katika yote mawili.

Ujazo ni nini?

Ujazo wa ubao huandikwa kwa lita, na mara nyingi huchapwa kwenye ubao wenyewe karibu na vipimo vya urefu na upana. Maana yake ni rahisi. Ubao wa lita 60 ukizamishwa wote husukuma kando lita 60 za maji. Kwa kanuni aliyoieleza Archimedes katika karne ya 3 kabla ya Kristo, maji hayo huurudishia ubao nguvu ya kuuinua iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa.

Lita moja ya maji baridi ina uzito wa takriban kilo moja. Lita moja ya maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi, ina uzito wa takriban kilo 1.025. Kwa hiyo ubao wa lita 60 hubeba kilo 60 katika Ziwa Victoria, na kilo 61.5 hivi katika bahari ya Paje. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu aliye kwenye mpaka wa kuelea na kuzama huhisiwa mara moja.

Ubao wenye ujazo mdogo, kwa maana inayotumika katika makala haya, ni ule ambao ujazo wake hautoshi kumwelesha mchezaji na vifaa vyake akiwa amesimama. Ubao wa lita 80 ni mdogo kwa mtu wa kilo 95, na ni mkubwa kwa kijana wa kilo 50. Ndiyo maana haifai kumwiga rafiki katika kununua. Lita hazina maana mpaka zilinganishwe na uzito wa atakayesimama juu yake.

Hesabu ya mtu wa kilo 75

Chukua mfano wa mchezaji mwenye kilo 75. Ubao wake una kilo 6, foili na mlingoti wake kilo 5, nguo na mkanda vilivyolowa kilo 2. Jumla ni kilo 88. Bawa halihesabiwi, kwa sababu limejaa hewa na huelea au hupaa lenyewe.

Akisimama juu ya ubao wa lita 115 baharini, ubao una uwezo wa kubeba karibu kilo 118. Kuna akiba ya kilo 30, hivyo utabaki juu ya maji na atakuwa na muda wa kupanga miguu. Akisimama juu ya ubao wa lita 85, uwezo ni kilo 87. Ubao utazama kiasi cha kufunikwa na maji tu, na miguu italowa hadi vifundoni. Akisimama juu ya ubao wa lita 60, kunapungua zaidi ya kilo 26. Upungufu huo hulipwa na mwili wenyewe, kwani ubao hushuka mpaka sehemu ya mwili iliyozama isukume maji ya kutosha. Miguu yote miwili ya mtu wa kilo 75 ina ujazo unaokaribia lita 26. Kwa maneno mengine, atasimama akiwa ndani ya maji hadi nyongani. Ziwani atashuka kidogo zaidi.

Kutokana na hesabu hizo wakufunzi hutumia vipimo vifuatavyo kama mwongozo:

Anayeanza: uzito wake kwa kilo, jumlisha lita 30 hadi 40.

Anayeweza kupaa na kurudi alipotoka: uzito wake, jumlisha lita 5 hadi 20.

Aliyekomaa katika upepo wa kuaminika: uzito wake, au pungufu kwa lita 10 hivi.

Mzoefu wa mawimbi na mizunguko ya hewani: uzito wake, pungufu kwa lita 20 hadi 30, wakati mwingine zaidi.

Jambo la busara ni kushuka ngazi moja kwa wakati. Anayeruka kutoka lita 115 hadi lita 60 kwa siku moja hununua kifaa cha kumchosha.

Faida ya udogo

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mchezaji ajitafutie ubao unaozama. Jibu liko juu ya maji. Foili inapofikia mwendo wa kutosha, ubao huinuka na kutengana kabisa na uso wa maji. Kuanzia hapo ujazo hauna kazi tena. Kinachobaki ni uzito na ukubwa wa kitu kilichofungwa miguuni.

Ubao mfupi na mwembamba hugeuka haraka, kwa sababu hakuna uzito uliotandazwa mbali na miguu. Ukingo wake haugusi maji mchezaji anapolala kwenye kona kali. Upepo wa pembeni hauupigi kwa nguvu. Miguu huwa karibu zaidi na foili, hivyo kila mwendo wa kifundo husikika chini bila kuchelewa. Aliyezoea ubao mkubwa huona tofauti hiyo katika dakika za kwanza.

Gharama ya faida hizo hulipwa wakati wa kuondoka. Juu ya ubao unaozama, mchezaji hupiga magoti au husimama ubao ukiwa chini ya maji, huku bawa likiwa juu ya kichwa chake. Bawa hufanya kazi mbili kwa pamoja: humwinua, hivyo kupunguza uzito unaokandamiza ubao, na humvuta mbele. Ubao huanza kwenda ukiwa bado umezama, hupanda taratibu kama samaki anayekuja juu, hutoka majini, na ndipo foili huchukua mzigo. Upepo usipotosha kuyafanya yote hayo, hakuna safari.

Maumbo matatu

Waswahili husema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbao mbili zenye lita sawa zinaweza kutofautiana kama mtumbwi na jahazi, kwa sababu lita zile zile zinaweza kupangwa kwa urefu, kwa upana au kwa unene. Katika ujazo mdogo kuna maumbo matatu makuu.

La kwanza ni ubao mfupi na mpana. Urefu wake ni takriban sentimita 140 hadi 155, na upana sentimita 58 hadi 65. Upana huo huupa utulivu wa kulia na kushoto, na ufupi wake huufanya ugeuke kwa wepesi. Unafaa kwa mawimbi na kwa kuruka. Udhaifu wake ni kwamba husukuma maji mengi mbele yake wakati wa kuondoka, kwa hiyo hudai upepo wenye nguvu au bawa kubwa.

La pili ni ubao wa urefu wa kati, ambao umepata wapenzi wengi katika miaka ya 2020. Urefu wake ni takriban sentimita 165 hadi 195, na upana sentimita 48 hadi 56. Wembamba huo huufanya upasue maji badala ya kuyasukuma, hivyo hufikia mwendo wa kupaa mapema hata katika upepo wa wastani. Mtu wa pwani ataelewa haraka akiutazama mwili wa ngalawa: ni mwembamba na hukata maji kwa wepesi, na utulivu wake hautoki katika mwili huo bali katika matengo yaliyo pembeni. Ubao hauna matengo. Kwa sababu hiyo ubao mwembamba huyumba ukiwa umesimama, na hutulia unapopata mwendo.

La tatu ni ubao mrefu wa kufuata upepo, wenye sentimita 200 hadi 250 na upana ambao mara nyingi hauzidi sentimita 52. Huu ulibuniwa kwa ajili ya kupaa juu ya mawimbi ya bahari kuu bila bawa, kwa kutumia kasia. Katika wingifoili unasaidia siku za upepo hafifu, lakini kwa ujazo mdogo ni chaguo la wachache. Urefu wake pia ni mzigo safarini.

Kwa anayehamia ujazo mdogo kwa mara ya kwanza, umbo la urefu wa kati ndilo lenye msamaha zaidi wakati wa kuondoka. Mwenye kilo 75 anayeshindwa kutoka majini na ubao mfupi wa lita 65 anaweza kufanikiwa na ubao wa urefu wa kati wenye lita hizo hizo, katika upepo ule ule.

Kukagua ubao kuanzia omo hadi tezi

Baada ya lita na urefu, mnunuzi makini huugeuza ubao na kuukagua kama fundi anavyokagua chombo kabla ya kukishusha majini.

Omo, yaani sehemu ya mbele, iwe imepinda juu kiasi. Mpindo huo huizuia isichimbe maji pale ubao unapoanguka kutoka hewani. Ukizidi, ubao husukuma maji na kuchelewa kuondoka. Kwa umbo la urefu wa kati mpindo mdogo unatosha.

Tezi, yaani sehemu ya nyuma, mara nyingi hukatwa kwa mshazari kwenda juu. Mkato huo humwezesha mchezaji kuinamisha ubao nyuma na kuipa foili pembe ya kupanda bila kitako cha ubao kugonga maji. Pia huvunja mvutano wa maji yanayong'ang'ania ubao. Tezi nene isiyo na mkato hukawiza safari.

Kingo ziwe zimechongwa kwa chini. Ukingo wa pembe kali unaogusa maji katika kona humwangusha mchezaji, lakini ule uliochongwa huteleza na kumwachia.

Mahali unene ulipowekwa ni jambo linalosahaulika kuliko yote. Katika ubao unaozama, lita nyingi zinapaswa kuwa chini ya miguu ya mchezaji. Zikirundikana mbele, omo itachomoza juu ya maji wakati yeye anazama nyuma, naye ataanguka kichalichali. Zikirundikana nyuma, omo itaelekea chini na ubao utachimba badala ya kupanda. Ubao mzuri huzama ukiwa umelala sawasawa, kama sinia.

Sitaha iwe bapa au na bonde dogo, ili miguu iwe karibu na foili. Chini kuwe na reli mbili sambamba za kufungia mlingoti wa foili, ambazo kwa kawaida huachana kwa sentimita 9. Reli ndefu humpa mchezaji nafasi ya kusogeza foili mbele au nyuma mpaka uzito ukae sawa kati ya miguu miwili. Ubao wenye reli fupi humlazimisha mtu asimame pale ulipotaka ubao.

Foili na bawa kwanza

Kosa la kawaida ni kupunguza kila kitu kwa wakati mmoja. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, ndiyo maana pezi dogo la foili chini ya maji linaweza kumwinua mtu mzima. Hata hivyo, nguvu ya kuinua hutegemea eneo la pezi la mbele na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne, na mwendo ukishuka kwa nusu, hubaki robo.

Pezi la mbele lenye sentimita za mraba 1,500 au zaidi huinua mapema, katika mwendo mdogo. Pezi la sentimita za mraba 700 lina mbio na wepesi, lakini hudai mwendo mkubwa kabla ya kuanza kazi. Mchezaji anayeweka pezi dogo chini ya ubao mdogo ametengeneza matatizo mawili: ubao hautoki majini mapema, na hata ukitoka, foili haijawa tayari. Ni afadhali kubakiza pezi kubwa na bawa lililozoeleka kwa wiki za kwanza za ubao mpya, kisha kupunguza kimoja kimoja.

Paje: Kusi, kaskazi na mashamba ya mwani

Pwani ya mashariki ya Unguja ina misimu miwili ya upepo inayojulikana tangu enzi za majahazi. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, na kusi hushika kati ya Juni na Septemba. Kati ya misimu hiyo kuna majira ya mvua na upepo usio na uhakika. Kwa kuwa ufukwe wa Paje unatazama mashariki, pepo zote mbili huja zikiwa zimeinama kuelekea pwani. Mchezaji aliyeshindwa kuondoka husukumwa taratibu kurudi nchi kavu. Hali hiyo huifanya Paje kuwa mahali panapofaa kujaribia ubao mdogo.

Hata hivyo, maji ya Paje yana masharti yake. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa pwani ya Zanzibar inaweza kukaribia mita 4. Maji yakipwa, eneo kubwa kati ya ufukwe na mwamba hubaki na kina cha magotini au hukauka kabisa. Mlingoti wa foili una urefu wa sentimita 75 hadi 90. Mchezaji mwenye ubao unaozama hushusha foili yake chini zaidi kuliko mwenye ubao unaoelea, kwa sababu ubao wenyewe uko chini ya uso wa maji. Anahitaji kina cha karibu mita 2 ili aondoke bila kugonga matumbawe. Kabla ya kwenda majini sharti aisome ratiba ya maji kama anavyosoma upepo.

Ndani ya maji hayo hayo kuna mashamba. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na sehemu kubwa ya wakulima wake ni wanawake. Mambo na kamba zao hufunikwa na maji yanapojaa. Foili inayopita hapo hukata kamba na kuharibu kazi ya wiki kadhaa, na pezi lake lenye ncha kali linaweza kumjeruhi mtu aliye majini. Mchezaji mwenye ubao mdogo, ambaye hawezi kusimama na kuelea akisubiri, hana budi kujua mapema mashamba yalipo na kuondokea mbali nayo.

Ziwa Victoria: Hewa nyepesi na upepo wa kubadilika

Ziwani hesabu hubadilika. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, hivyo upepo wa mwendo ule ule husukuma bawa kwa nguvu pungufu kwa kiasi hicho. Upepo wa kilomita 32 kwa saa pale Musoma hufanya kazi ya upepo wa kilomita 30 hivi pale Paje. Anayetumia bawa la mita za mraba 5 baharini atahitaji la mita 5.5 hivi ziwani ili kupata mvuto ule ule. Ukijumlisha na maji baridi yasiyo na chumvi, ubao wenye lita zilezile unakuwa mgumu zaidi kuondoka nao.

Jambo la pili ni tabia ya upepo wenyewe. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa hupanda, na upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu. Jioni upepo huo hufifia. Usiku ardhi hupoa, na upepo hugeuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchezaji wa ufukwe wa Mara aliyechelewa kurudi anaweza kukutwa na vipindi viwili vibaya mfululizo, kwanza utulivu usiomwinua, kisha upepo unaompeleka mbali na nyumbani. Juu ya ubao wa lita 110 angepiga magoti na kupiga kasia kwa mikono. Juu ya ubao wa lita 60 atalala kifudifudi akiwa amezama nusu, huku akiogelea na bawa nyuma yake.

Ziwa hilo pia lina radi na dhoruba za ghafla zinazojulikana sana na wavuvi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ni jambo la kwanza la kutazamwa, na wingu jeusi linaloinuka ni sababu ya kutosha ya kutoka majini.

Jambo la tatu ni muda ambao mwili hukaa ndani ya maji. Ubao mdogo humweka mtu majini katika kila jaribio lililoshindikana. Pembezoni mwa ziwa, hasa penye maji tulivu na majani, kuna konokono wanaoeneza kichocho, ambacho vimelea vyake hupenya ngozi katika dakika chache. Mamba na viboko wapo katika sehemu mbalimbali za mwambao na karibu na midomo ya mito, ukiwemo Mto Mara unaomwaga maji yake katika ghuba ya Mara. Magugu maji na nyavu za wavuvi hunasa mlingoti wa foili. Kila mojawapo ya mambo hayo humshauri mchezaji wa ziwani achague ubao unaomtoa majini haraka.

Kwa sababu hizo, kwa mtu wa Mara ambaye sehemu kubwa ya mazoezi yake ni ziwani, ubao unaolingana na uzito wake au kuuzidi kwa lita 10 hadi 20, wenye umbo la urefu wa kati, ni chaguo la akili zaidi kuliko ubao unaozama. Ubao huo utamfaa pia Paje. Ubao wa ujazo mdogo kabisa unaweza kukodishwa huko pwani, wakati wa kusi au kaskazi, na kurudishwa safari inapokwisha. Hilo pia humwondolea tatizo la safari ndefu ya basi na kifaa ambacho omo na kingo zake hupasuka kwa kugongwa kidogo.

Majaribio kabla ya kulipa

Kabla ya kununua, mchezaji anashauriwa kufanya majaribio manne katika maji salama, akiwa na mtu anayemtazama.

La kwanza, apige magoti juu ya ubao bila upepo na atazame jinsi unavyozama. Ukilala sawasawa, unene umewekwa mahali pake. Ukiinua omo au tezi, miguu yake na ubao huo havikubaliani.

La pili, ajaribu kuondoka mara kumi katika upepo wa wastani wa eneo lake, na si katika siku bora ya mwaka. Akishindwa zaidi ya mara tatu, ubao ni mdogo mno kwa sasa.

La tatu, arudi ufukweni kwa kuulalia ubao akiwa na bawa lake, bila kutumia upepo, kwa mwendo wa mita 200. Akichoka kabla ya kufika, amepata jibu ambalo muuzaji hatampa.

La nne, ahesabu siku. Katika siku kumi alizokwenda majini, ni ngapi zilikuwa na upepo thabiti wa zaidi ya kilomita 28 kwa saa? Zikiwa nane, ubao unaozama utafanya kazi. Zikiwa nne, utakaa ukutani.

Aliyepita majaribio hayo bado anapaswa kuvaa jaketi la kujiokolea na kofia ngumu, kufunga kamba za usalama za ubao na za bawa, na kumwachia mtu wa nchi kavu taarifa ya saa atakayorudi. Jaketi lina faida ya ziada kwa mwenye ubao mdogo: kilo chache za uelezi wake humsaidia pale kiwiliwili chake kinapokuwa ndani ya maji.

Wanaotengeneza mbao hizi wataendelea kuzipunguza na kuzibadili umbo mwaka hadi mwaka, na kila umbo jipya litasifiwa kuliko la jana. Kwa mchezaji, hata hivyo, maswali ya msingi yatabaki yale yale: ana kilo ngapi, upepo wa kwao ukoje, maji yake ni ya chumvi au ya ziwa, na upepo ukikata saa kumi na moja jioni atarudije nyumbani. Ubao unaojibu maswali hayo yote ndio unaomfaa, hata kama ni mkubwa kuliko wa jirani yake.